Je, Wajua? Tango Nalo Lina Kalori

Je, wajua kwamba chakula kisicho na kalori hata moja ni vigumu kukipata? Kinachofika sifuri kweli ni maji, na maji si chakula.

Wapo wanaoapa kwamba tango hula nguvu ya mlaji: eti mwili hutumia nguvu nyingi kulisaga kuliko unazopata. Hesabu inakataa. Gramu 100 za tango zina kalori 15 hivi, na kazi ya kumeng'enya wanga huchukua takriban asilimia 10 tu ya nguvu yake. Zinazobaki ni chache, lakini ni zako.

Na zile pakiti zilizoandikwa "sifuri"? Marekani, sheria inaruhusu neno hilo mradi kipimo kimoja cha mlaji kina kalori chini ya 5. Kula vipimo kumi, sifuri hiyo inaweza kukaribia 50.

Tango halina kosa, lakini. Asilimia 95 yake ni maji, hujaza tumbo upesi. Bakuli la kachumbari la gramu 200, tango, nyanya, kitunguu na ndimu, halifiki kalori 60. Limwagie kijiko kimoja kikubwa cha mafuta uone: umeongeza 120! Mchicha vilevile, tui na karanga ndivyo vinavyopandisha hesabu, tusilisingizie jani.

Ila usishinde na matango kutwa ukayaita mlo. Protini yake haifiki gramu 1 katika gramu 100. Weka na maharage pembeni.