Inzi wa Matunda na Hali ya Hewa: Rangi, Ukavu na Neno “Kuzoea”

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi inzi wadogo wa matunda walivyolandana na hali ya hewa kwa rangi ya mwili na kwa uwezo wa kukinza ukavu, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza mambo hayo, mradi maneno yenyewe yasichanganywe.

Kwanza, jina. Katika masoko ya viungani mwa Dar es Salaam, kama Tandale katika Kinondoni na Stereo katika Temeke, maembe yawapo mengi huweza kuonekana inzi wa namna mbili, nao wote huitwa “inzi wa matunda”. Mmoja ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Huyu hutoboa embe zima na kutaga mayai chini ya ganda. Wa pili ni Drosophila melanogaster, mwenye urefu wa milimita 3 hivi, apendaye tunda lililopondeka na kuanza kuchacha, kwa kuwa chakula chake hasa ni chachu. Hawa si wa jamii moja. Napendekeza wa kwanza abaki na jina la inzi wa matunda, na wa pili aitwe “inzi-chachu”. Yasemwayo hapa yamhusu inzi-chachu, ambaye asili yake ni Afrika hii hii yetu.

Jina lake la kitaalamu lastahili kuangaliwa. Fallén wa Uswidi aliunda neno Drosophila mwaka 1823 kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, la umande na la mpenzi. Meigen, Mjerumani, akaongeza melanogaster mwaka 1830, yaani tumbo jeusi. Basi jina zima lataja unyevu na rangi, ndiyo mambo mawili tuliyo nayo hapa. Mdudu mdogo ana ngozi nyingi kwa kulinganisha na maji yaliyomo mwilini mwake, na kwa hiyo hukauka upesi. Kinga yake kubwa ni nta iliyolifunika gamba lake. Na melanini, ile rangi nyeusi iliyomo gambani, yaweza kuisaidia.

Weusi huo hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maisha ya mdudu mmoja: akikua katika ubaridi, kabla hajatokeza mbawa, hutoka mweusi kuliko ndugu yake aliyekulia katika joto. Njia ya pili ni ya kurithi. Uchunguzi wa inzi wa Uganda uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha mabadiliko kadhaa yaliyokusanyika karibu na jeni iitwayo ebony, yaani mpingo, yakapunguza kazi yake tumboni, na tumbo likawa jeusi.

Ama faida ya weusi, si moja kila mahali. Mwaka 2007 Pool na Aquadro walieleza kwamba katika Afrika kusini ya Sahara weusi huzidi kadiri nchi inavyoinuka. Mwaka 2014 Bastide na wenzake walionyesha kwamba hufikia kilele Ethiopia, na kwamba hufuatana hasa na mionzi ya urujuanimno. Lakini huko India, Ravi Parkash na wenzake waliona inzi weusi wakipoteza maji polepole, wakaufungamanisha weusi huo na ukavu.

“Kukinza ukavu” nako ni mambo matatu: kubana maji yasitoke, kuweka akiba kubwa ya maji, na kuvumilia upungufu wake. Tena ukame ni wa nchi iliyokosa mvua. Ukavu ni wa hewa au wa mwili.

Sasa tutazame sentensi hii: “Inzi wa Temeke wamezoea joto.” Je, kila inzi amebadilika maishani mwake, au vizazi vyake vimechujwa, waliofaa wakabaki? Neno “kuzoea” halijibu. Jibu hupatikana kwa kuwalea inzi wa Temeke, penye pwani, na wa Lushoto, penye milima, vizazi kadhaa katika joto lile lile. Tofauti ikitoweka, ilikuwa mazoea. Ikidumu, ni ya urithi. Hilo la pili napendekeza tuliite “mlandano wa vizazi”, na “mazoea” tuliachie la kwanza.

Huu si ubishi wa maneno tu. Mazoea yana kikomo, na mlandano wahitaji muda. Inzi-chachu, ambaye katika joto la nyuzi 25 hutimiza kizazi kwa siku 10 hivi, aweza kuupata muda huo, mwembe hauwezi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila kiumbe “kitazoea tu” hataiona hatari ya hali ya hewa inayobadilika upesi kuliko vizazi. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya na wayatoe, yapimwe.