Greenwich Village: Mtaa ulioshinda marufuku, ukashindwa na kodi

JUMAPILI ya Aprili 9, 1961, mamia ya vijana waliingia katika bustani ya Washington Square, jijini New York, Marekani, wakiwa na magitaa na banjo. Polisi walikuwa wakiwasubiri.

Kosa lao lilikuwa kutaka kuimba. Tangu miaka ya 1940 waimbaji wa nyimbo za jadi walikutana hapo kila Jumapili, kwa kibali, kando ya chemchemi. Mwaka huo Kamishna wa Bustani za Umma, Newbold Morris, alikataa kutoa kibali hicho.

Izzy Young, mwenye duka la vitabu na santuri katika barabara ya MacDougal, aliongoza maandamano. Waliimba hata wimbo wa taifa, lakini virungu vilitembea na watu 10 wakatiwa mbaroni. Mwezi uliofuata marufuku hiyo iliondolewa.

Ili kuelewa uzito wa tukio hilo, yafaa kuufahamu mtaa unaoizunguka bustani, Greenwich Village. Ulikuwa mtaa wa majengo ya zamani na wahamiaji wengi kutoka Italia, ambako msanii mwenye kipato kidogo aliweza kumudu kodi ya chumba. Mwaka 1941 Pete Seeger na Woody Guthrie, wa kundi la Almanac Singers, waliishi humo na wenzao katika nyumba moja.

Aidha, kodi nafuu ndiyo iliyowezesha migahawa midogo ya kahawa kufunguliwa. Mingi haikulipa wasanii. Baada ya kuimba, kikapu kilipitishwa mezani na wasikilizaji wakatuza walichonacho. Katika Gaslight Cafe, uliofunguliwa mwaka 1958 chini ya jengo la makazi, inasimuliwa kwamba wateja walidata vidole badala ya kupiga makofi ili wasiwaudhi wapangaji wa juu.

Hata wasanii wa Afrika walipita humo. Miriam Makeba, ambaye baadaye alirekodi wimbo wa Kiswahili wa "Malaika", alitumbuiza katika ukumbi wa Village Vanguard mwaka 1959.

Bob Dylan aliwasili Januari 1961 akiwa na umri wa miaka 19. Siku chache baada ya vurugu za bustanini, alipanda jukwaa la Gerde's Folk City kumtangulia John Lee Hooker.

Mwaka 1965 Dylan alishika gitaa la umeme, na mtaa nao ukageukia muziki wa roki. Jimi Hendrix alipiga Cafe Wha? mwaka 1966 kabla ya kuhamia Uingereza, kisha akarudi kujenga studio ya Electric Lady, iliyofunguliwa Agosti 1970, wiki chache kabla ya kifo chake.

Hata hivyo, umaarufu ulivuta wenye fedha, na kodi ikapanda. Gaslight ulifungwa mwaka 1971, Folk City mwaka 1987. Bottom Line, ukumbi wa watu 400 uliofunguliwa mwaka 1974, ulifungwa Januari 2004 kutokana na mgogoro wa kodi na mwenye jengo, Chuo Kikuu cha New York.

Ukumbi wa Bitter End, wa mwaka 1961, ungalipo, na Electric Lady ingali inarekodi. Lakini kijana mwenye gitaa na mfuko mtupu hapati tena chumba mtaani humo. Mwaka 1961 waimbaji walimjua aliyewanyima kibali, wakaandamana dhidi yake. Kodi ilipopanda, hapakuwa na ofisi moja ya kuandamania.