Gauni Jeupe, Suti Nyeusi: Mwanga Upimwe Wapi?

Kamera haijui inatazama nini. Kipimamwanga chake hupokea mwanga ulioakisiwa na kitu, kisha huchukulia kwamba kitu hicho ni cha kijivu cha wastani, jirani na ile kadi ya wapiga picha inayoakisi asilimia 18. Sokoni, penye kila rangi, dhana hiyo hufaa. Harusini hufeli. Tuseme gauni la bibi harusi linaakisi asilimia 80 ya mwanga na suti ya bwana harusi asilimia 5: tofauti ni mara 16, yaani stopu 4, kwa kuwa kila stopu huongeza mwanga maradufu. Kamera ikipima gauni, picha hutoka na giza na weupe hugeuka kijivu; ikipima suti, suti hupauka na gauni hupoteza nakshi zake zote. Jua, wakati huo wote, halijabadilika hata chembe.

Kwa hiyo mtu anayefikika apimwe kwa mwanga unaomwangukia. Kipimamwanga cha mkononi huwekwa mbele ya uso wake, kuba lake jeupe likielekea kamera. Kuba hilo, ambalo Mmarekani Donald Norwood alilipatia hataza mwaka 1940, hukusanya mwanga wa mbele na wa pembeni kama uso unavyoupokea. Ngozi nyeusi hubaki nyeusi, gauni jeupe hubaki jeupe. Anayetaka kuonyesha zaidi uso mweusi ulio kivulini ataongeza nusu stopu, lakini huo ni uamuzi wake, si kubahatisha kwa mashine.

Watasema kamera za leo hutambua nyuso na huonyesha picha papo hapo. Ni kweli, na kwa anayekimbizana na matukio hilo linatosha. Hata hivyo, grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera huhesabu tu mwanga uliofika. Haisemi kama gauni lilipaswa kuwa jeupe. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umbali. Aliye Amboseli chini ya wingu, huku kilele cha Kilimanjaro kikiwaka jua, akipima mwanga unaoangukia mkono wake atapima wingu lake mwenyewe. Hapo mwanga ulioakisiwa ndio pekee unaomfikia: apime theluji yenyewe kwa kipimio chenye pembe finyu ya digrii 1, kisha aongeze stopu moja na nusu au 2, maana yeye anajua kuwa ile ni theluji.