Vyombo Vimeoshwa, Bado Vinanuka: Tatizo Liko Wapi?

Sufuria ya wali imesuguliwa hadi inang'aa, sahani zimepitishwa sabuni na kusuuzwa, vikombe vimefutwa kwa kitambaa na kupangwa mezani. Asubuhi yake kikombe cha chai kinatoa shombo la samaki wa jana. Siku mbili baadaye mtoto anaharisha. Katika nyumba nyingi, kuanzia Garsen na Ngao hadi Hola na Bura, lawama huangukia sabuni, au huangukia msichana aliyeosha. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Kosa liko kwenye maji ya mwisho yaliyosuuzia vyombo, na kwenye kile kitambaa kilichovifuta.

Jambo hili si la usafi wa macho tu. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mto Tana ukiwa umevunja kingo na familia nyingi zikiwa kambini, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa wagonjwa 44 wa kipindupindu walikuwa wameripotiwa katika Kaunti ya Tana River. Mafuriko yanapoingia kwenye vyoo vya shimo, uchafu wake huchanganyika na maji yale yale yanayotekwa kwa matumizi ya nyumbani. Watu wengi wanajua kuchemsha au kutia dawa maji ya kunywa. Lakini maji hayo safi yakimiminwa kwenye kikombe kilichosuuzwa kwa maji ya mto yasiyo na dawa, kazi yote imepotea.

Maji ya mto na maji ya kisima

Maji ya Tana huja na udongo mwingi, hasa mvua ikinyesha nyanda za juu. Udongo huo ndio adui wa kwanza wa dawa ya klorini. Klorini ikikutana na tope hutumika kwa tope lile kabla haijafikia vijidudu, na mwenye nyumba hudhani ametibu maji kumbe amepoteza dawa. Kwa hiyo maji yatulie kwanza. Yaachwe usiku kucha katika pipa au ndoo yenye kifuniko, kisha ya juu yachotwe polepole bila kutibua masimbi ya chini, na yachujwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Wanaotumia shabu huzungusha kipande chake ndani ya maji kwa muda mfupi, na tope hushuka haraka zaidi. Shabu husafisha rangi ya maji lakini haiui vijidudu vyote, hivyo dawa bado inahitajika.

Kuosha vyombo ukingoni mwa mto kumezoeleka, na ni kweli kunapunguza safari za kubeba mitungi. Hasara zake zinajulikana na kila kijiji cha mtoni. Mamba huvizia mahali watu wanaporudi kila siku saa ile ile. Kichocho nacho hupatikana katika maji yaliyotulia yenye konokono, na huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu na mikono ya anayeosha, bila yeye kuhisi chochote. Mitungi miwili ya lita 20 iliyobebwa nyumbani inatosha vyombo vya familia ya kawaida ikiwa maji yatatumiwa kwa mpangilio.

Wanaotumia visima vyenye maji ya chumvi chumvi, na wakazi wa karibu na mdomo wa mto kama Ozi ambako maji ya bahari hupanda, wana tatizo jingine. Povu halitoki, glasi zinabaki na utando mweupe, na birika hujenga magamba ndani. Kuongeza sabuni ya mche hakusaidii, kwa sababu madini yaliyomo huishika sabuni na kuigeuza kuwa ule ule utando. Sabuni ya unga au ya maji hufanya kazi vizuri zaidi katika maji ya namna hiyo. Maji ya mvua, yakiwepo, yatengwe kwa ajili ya kusuuzia. Magamba ya birika huondoka kwa kuchemsha maji yenye ndimu au siki ndani yake, kuyaacha yapoe humo, na kusugua.

Mpangilio wa mabeseni

Mashine za kuoshea vyombo zinazopatikana katika hoteli kubwa hazina siri yoyote. Huondoa mabaki, huosha kwa maji ya moto na sabuni, husuuza kwa maji mapya, kisha hukausha bila kitambaa. Mabeseni matatu na kichanja hufanya kazi hiyo hiyo bila umeme.

Mabaki yakwanguliwe kwanza na kupewa kuku. Beseni la kwanza liwe na maji ya moto na sabuni, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu maji yenye dawa. Vyombo visivyo na mafuta hutangulia: glasi, vikombe, vijiko, kisha sahani, na sufuria mwisho kabisa. Anayeanza na sufuria ya mchuzi hupaka mafuta kila kitu kinachofuata. Maji ya beseni la pili yakianza kuteleza vidoleni, yamwagwe. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, kwa kuwa maji ni ya kubeba na mtu huona uchungu kuyamwaga. Lakini beseni la kusuuzia lenye mafuta na mabaki ya wali ni sawa na kuvirudishia vyombo uchafu wake.

Kwa beseni la tatu, kijiko kimoja cha mezani cha jiki ya kawaida isiyo na manukato kinatosha lita 5 za maji safi. Vyombo vizame dakika 2, kisha vitolewe bila kufutwa. Maji hayo yachanganywe upya kila siku, na chupa ya dawa ikae kivulini ikiwa imefungwa, kwani jua na joto huiua nguvu. Dawa iliyokaa wazi dirishani miezi kadhaa huwa karibu na maji matupu; isiponukia klorini hata kidogo, imekwisha. Kipimo hiki ni cha vyombo tu. Maji ya kunywa hutibiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti ya dawa ya maji. Pia jiki isichanganywe kamwe na siki, ndimu au dawa ya choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

Sufuria za alumini zisilowekwe kwenye jiki, maana huziharibu na kuzifanya nyeusi. Hizo zimiminiwe maji yanayochemka. Masizi ya kuni hayasumbui sana ikiwa sehemu ya nje ya sufuria ilipakwa sabuni ya mche kabla ya kutiwa mekoni. Hutoka na povu. Ukoko wa wali hulainika kwa maji na majivu kidogo yakiachwa saa moja, na huo muda ni nafuu kuliko nyuzi za chuma zinazochimba mikwaruzo.

Shombo na maziwa vina kanuni yake: maji baridi kwanza, ya moto baadaye. Maji ya moto yakitangulia hugandisha mabaki ya samaki na maziwa kwenye chombo, na harufu hubaki. Wafugaji wanaofukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wana sababu nzuri ya kufanya hivyo, ila moshi uje baada ya kibuyu kuoshwa na kukauka. Sahani za plastiki zilizojaa mikwaruzo hazina tiba. Mafuta na vijidudu hukaa ndani ya mikwaruzo hiyo, na afadhali zigeuzwe kuwa za kulishia kuku.

Sponji au dodoki lililolala usiku kucha ndani ya maji ya sabuni ni chafu kuliko sahani linayoisugua. Lichemshwe dakika chache, likamuliwe na kuanikwa juani kila siku. Likianza kunuka, litupwe. Kitambaa cha kufutia vyombo kinaweza kuachwa kabisa, kwa kuwa kichanja kinafanya kazi yake vizuri zaidi.

Kichanja kinachodumu

Kichanja kizuri kina urefu wa kama mita moja kutoka chini, ili mbuzi, mbwa na mtoto anayetambaa wasikifikie. Fito zipishane nafasi ya kidole kimoja maji yapite. Kiwe juani, mbali na choo na zizi. Vyombo viinamishwe, na vijiko viwekwe katika mkebe uliotobolewa chini.

Tatizo linaloua vichanja vingi ni mchwa. Miguu ikisimamishwa ndani ya mikebe iliyojazwa simiti, mti haugusi udongo. Mathenge, ambao wakulima wa Bura na Hola wanaulaani kwa miiba yake, una mti mgumu unaofaa kwa miguu hiyo. Gome lake litolewe lote kwanza, la sivyo fukusi huingia na unga wake kudondokea sahani. Sehemu ya juu huweza kujengwa kwa makuti ya mkoma yaliyonyooshwa, ingawa haya hubadilishwa mara kwa mara.

Wakati wa vumbi la kiangazi vyombo vifunikwe kwa kitambaa chepesi kilichofuliwa. Chandarua cha mbu kisitumike, kwa kuwa kimetiwa dawa, na tena ni cha kulalia. Jioni vyombo viingizwe ndani kabla ya panya na mende kuanza zamu yao.

Maji machafu yanabaki swali, hasa penye udongo mzito wa mfinyanzi wa Garsen na delta, ambao haunywi maji haraka. Dimbwi chini ya kichanja huzaa mbu aina ya kyuleksi wanaopenda maji machafu, na mbu hao hueneza matende, ugonjwa ambao bado umo katika kaunti za Pwani, Tana River ikiwemo. Shimo la mawe halitoshi penye udongo huo. Maji ya sabuni yagawanywe kwenye migomba na miembe, leo mti huu, kesho ule. Maji ya beseni la jiki yamwagwe mbali na miche michanga.

Nyumba yenye mgonjwa wa kuharisha itenge sahani na kikombe chake, na vioshwe mwisho. Kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele ni dalili ya kipindupindu, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri asubuhi. Njiani aendelee kupewa maji ya chumvi na sukari. Pakiti isipopatikana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi huchanganywa katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na hunyweshwa kidogo kidogo kwa kikombe kilichopitia beseni la tatu.