Je, Wajua? Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani zinaweza kuwa mboji

Katika miji ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni mabaki yanayooza: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Yakifukiwa chini ya malundo ya dampo kama la Dandora, Nairobi, au Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, hukosa hewa na kutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hiyo huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi.

Kuyageuza kuwa mboji kunahitaji ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu, basi. Kila tabaka la maganda hufunikwa kwa tabaka nene zaidi la vitu vikavu: majani, maranda au maboksi yaliyochanwachanwa. Unyevu unaofaa ni wa kitambaa kilichokamuliwa. Mchanganyiko hugeuzwa kila wiki ili upate hewa. Ukinuka, maji yamezidi, na dawa yake ni kuongeza vikavu. Nyama, samaki na mafuta havitiwi, maana huita panya. Machicha ya nazi hutiwa kidogo kidogo kwa sababu ya mafuta yake, ingawa penye kuku hayafiki hata kwenye ndoo.

Baada ya miezi miwili au mitatu mboji huwa nyeusi, hunukia udongo, na huchanganywa na udongo wa kawaida kwa kupandia mboga.