Gari kuukuu la Safari Rally: likikarabatiwa, lirudi kuwa lipi?

Mtu akikuambia anataka kurudisha gari la mbio la zamani katika hali yake ya asili, kabla hamjafika kwenye rangi na spea muulize: asili ya lini?

Chukua Volvo PV544 iliyoshinda Safari mwaka 1965, ikiendeshwa na Joginder Singh pamoja na nduguye Jaswant. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya Volvo, likashiriki Safari ya 1964 bila mafanikio, kisha likabaki huku. Joginder, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, akalinunua na kulitengeneza upya. Sasa ukilikarabati gari kama hilo, utalirudisha lilivyotoka kiwandani Sweden, lilivyokuwa mikononi mwa timu, au lilivyotoka mikononi mwa fundi wa Nairobi? Ukifuata kitabu cha kiwanda, unaifuta kazi ya yule aliyelifanya lishinde.

Jambo hili si la Volvo pekee. Magari mengi ya timu za kigeni hayakurudi makwao baada ya mashindano. Yaliuzwa kwa madereva wa hapa, yakapakwa rangi nyingine na kupewa nambari nyingine, yakakimbia miaka mingine. Gari moja linaweza kuwa na maisha matatu, na anayelikarabati hana budi kuchagua moja na kueleza kwa nini.

Halafu kuna makovu. Safari ya zamani haikuwa mchezo. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 tena saba, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Gari lililopita hapo lilikuwa na mikunjo na viraka vya kuchomelewa njiani usiku. Fundi wa bodi aliyezoea magari ya bima akiona bati lililokunjwa mkono humwasha. Anataka kulinyoosha, alipake puti, aling'arishe. Kwa gari la kawaida anafanya vyema. Kwa gari hili anafuta ushahidi.

Wajapani wametuonyesha njia nyingine. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller, imehifadhiwa na Nissan huko Zama. Wafanyakazi wa kampuni hiyo waliifufua hadi ikawaka na kutembea tena, lakini bodi waliiacha na mikunjo yake ya Afrika Mashariki. Kwangu mimi huo ndio ukarabati wa kweli. Anayeitazama haambiwi kwamba njia ilikuwa mbaya; anajionea.

Kazi yenyewe huanza kwa kamera na daftari, na spana hufuata baadaye sana. Piga picha kila kitu kabla ya kukigusa, hata nyaya zilizofungwa kwa kamba. Soma nambari ya chesisi na ya injini, uzilinganishe na logibuku. Tafuta picha za mwaka husika kwenye magazeti na kwa familia za madereva. Rangi ya kwanza huitafuti kwenye boneti, maana hapo imepakwa mara kumi. Itafute chini ya dashibodi na ndani ya shimo la gurudumu la akiba, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaka tena. Sugua sehemu ndogo kwa msasa laini wenye maji, polepole, na tabaka zitajitokeza moja baada ya nyingine.

Usiharakishe kutupa vitu usivyovielewa. Vipande vya chuma vilivyochomelewa nyuma, karibu na bampa, huenda ni pa kukanyagia na kushika. Gari likikwama kwenye tope, mwelekezi aliruka nje, akasimama hapo na kulikandamiza ili magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Tundu lisilo na maana kwenye bodi huenda lilipitisha waya wa taa za ziada. Bamba nene chini ya injini lilizuia mawe. Ukiliondoa kwa sababu ni zito, umebaki na gari la kwenda sokoni.

Kwetu Pwani adui mkubwa ni chumvi. Magari mengi ya enzi hizo hayakukingwa dhidi ya kutu kama ya leo, na upepo wa bahari huingia ndani ya vizingiti vya milango na sakafuni bila kelele. Bati lililooza haliombolezwi. Linakatwa na kuwekwa jipya la unene uleule. Hapa kuna watakaosema gari limeshapoteza uasili wake. Mimi nasema waulize mafundi wa majahazi wa Lamu. Mbao hubadilishwa moja moja, miaka na miaka, na jahazi hubaki na jina lake, ilmradi kila ubao ulitolewa kwa sababu ulioza na si kwa sababu fundi alitaka kuonekana amefanya kazi. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lina mkataba wa Turin unaotanguliza uhifadhi mbele ya ukarabati na kutaka kazi iliyofanywa iwekewe kumbukumbu.

Tusichanganye haya na magari ya East African Safari Classic, mashindano yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo tumeyaona huku Pwani zaidi ya mara moja. Zile Porsche 911 hujengwa upya ili zikimbie tena, zikiwa na viti, mikanda na fremu za chuma za usalama wa leo. Ni kazi halali na ya ustadi, ila lengo ni jingine.

Mwenye gari la namna hii uani, akijiwa na mnunuzi wa vyuma chakavu au wa kutoka ng'ambo, asiuze kabla ya kulisafisha kibao cha chesisi na kuisoma nambari. Na kama atalihifadhi huku huku, alioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi, alikaushe, alipake mafuta mazito kwenye viungio, na asilifunike kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa. Unyevu ukifungiwa humo, kutu itakula hata bati ulilobadilisha jana.