Nani Mwenye Kauli Juu ya Tabianchi?

Waziri hamwamuru waziri mwenzake. Ugumu wa sera ya tabianchi unaanzia hapo, maana gesi zinazoongeza joto zinatoka kwenye magari, viwanda, mifugo na misitu inayokatwa, na kila kimoja kina wizara yake. Waziri wa mazingira akimwandikia mwenzake wa barabara, barua hupokelewa kwa heshima na kuwekwa kwenye faili.

Kenya ilijibu kwa sheria. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 iliunda baraza la taifa ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Mawaziri wa mazingira, fedha na nishati wamo, pamoja na mwenyekiti wa Baraza la Magavana, kwa sababu kilimo na sehemu kubwa ya huduma za maji zimo mikononi mwa kaunti. Kila idara ya serikali inatakiwa iwe na kitengo cha tabianchi, na mpango wa utekelezaji hupitiwa upya kila miaka 5.

Tanzania iliweka mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais, juu ya wizara za kawaida. Ila mazingira si jambo la Muungano: Zanzibar inajisimamia, chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Kwa hiyo mikoko ya Rufiji, Tanzania Bara, na ya Pemba, Zanzibar, ina wasimamizi wawili, ingawa kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa nchi huenda na bendera moja.

Cheo husaidia, lakini Rais ana mambo mengi, na baraza lisiloitishwa halimsukumi mtu. Mimi huangalia kwanza kalamu ya bajeti iko kwa nani. Kiungo rasmi cha Kenya na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao ni wa kimataifa, ni Hazina ya Taifa. Cha Tanzania ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Naona Kenya imechagua vyema zaidi: wizara inaweza kuchelewesha waraka wa mazingira, lakini haithubutu kupuuza waraka wa Hazina wakati wa kugawa fedha.

Kalamu hiyo ya bajeti inaweza pia kushuka hadi kaunti: Makueni, nchini Kenya, haikusubiri hata sheria ya taifa ya 2016. Kanuni zake za 2015 ziliunda mfuko wa tabianchi wa kaunti, na kamati za wadi zikapewa nafasi ya kupendekeza miradi ya kugharimiwa, kama vile mabwawa ya mchanga.